Namna Mjane Alivyotoka Dukani kwa Don Wilfrido

Mama mwenzangu, kama una mtoto chuoni na mwaka huu anakwenda mafunzo kazini, nisikilize kabla hujampigia pasi shati la kwendea. Mimi shule niliishia darasa la tano, sina la kumfundisha mtu kuhusu mitambo. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Barranquilla, kwa binti niliyemzaa mwenyewe, na tangu hapo nikiona mtoto wa mtu anaingia kazini na simu mfukoni, namtafuta mama yake.

Keidys wangu alikuwa anasomea ufundi wa sauti. Ili amalize, ilimbidi afanye kazi nusu mwaka mahali penye shughuli hiyo, na mwenye mahali aseme kwa chuo kwamba huyu ameweza. Asiposemewa, mwaka wote umepotea. Wenzake walikwenda redioni, na mmoja alipata studio yenye kiyoyozi na zulia mpaka ukutani. Yeye aliomba kila mahali na kila mahali wakamwambia wameshajaa. Akawa hali chakula, anavua viatu na kukaa navyo mkononi. Nikamwambia twende kwa Don Wilfrido.

"Mama, lile duka ni vumbi tupu."

"Vumbi lile ndilo lililokuleta duniani," nikamjibu.

Na sikumtania. Duka la Don Wilfrido lina upana wa mlango mmoja na dirisha moja, santuri zimepangwa ukutani mpaka darini, na nyuma ya pazia ndiko anakokaa Mohán. Mohán si mtu. Ni pikó, yaani mtambo wetu wa muziki, maspika marefu kuliko mlango, na mbele amechorwa yule mzimu wa mtoni mwenye nywele ndefu na sigara mdomoni, kwa rangi ambazo ukizitazama mchana wa jua macho yanauma. Ujana wetu wote tulichezeshwa na Mohán. Jumapili ikifika wanaume walimbeba kama wanabeba harusi, wakamsimamisha katikati ya barabara, nyaya zikavutwa kutoka nguzoni, na mtaa mzima ukawa ukumbi. Magari yalipita mtaa wa pili bila kulalamika. Pale mbele ya spika ndipo nilipojuana na marehemu Eusebio, baba yake Keidys. Alikuwa mpakiaji bandarini, ananuka mafuta ya nywele na magunia ya kahawa, na siku ile hakuniuliza hata jina. Alinyoosha mkono tu.

Siku hizo nyimbo zilikuja na meli. Mabaharia walileta santuri kutoka Afrika, wakazibadilisha kwa ramu na viatu. Maneno yake hatukuyaelewa hata moja, na hatukuona kwamba ni shida. Tuliimba vile vile tulivyosikia, na kila mtu na namna yake. Pikó lililokuwa na wimbo ambao hakuna jingine lililonao, hilo ndilo lililokuwa na watu. Kwa hiyo mwenye santuri nzuri, kabla hajaipiga hata mara moja, alichukua wembe akakwaruza lebo ya katikati mpaka jina lote likatoka, asije mpinzani akasoma na kuagiza ya kwake. Wimbo ukabaki bila jina, na sisi wachezaji tukaupa jina letu.

Ule wa Mohán uliozipita nyimbo nyingine zote tuliuita Mjane. Siku ya kwanza ulipopigwa, Doña Obeida wa pale kona, ambaye bado alikuwa na nguo nyeusi za msiba wa mumewe, aliinuka kwenye kiti, akavua viatu, akacheza peke yake mpaka mwisho. Kisha akaketi, akajifuta uso, akaomba maji. Hakuna aliyemsema. Tangu siku hiyo mtu akitaka wimbo ule alipaza sauti: "Mtoe Mjane." Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumsikia, kwa sababu jiji zima hakupatikana kwingine.

Wezi walikuwepo. Walikuja na redio kaseti chini ya shati, wanacheza kama vichaa huku tumbo limetulia kama ubao. Kwa ajili yao alikuwepo Nafer. Nafer ndiye mshika sindano wa Mohán, yaani mpiga santuri wake, mtu mwembamba mwenye kofia, rafiki wa Don Wilfrido tangu wote wawili hawajaota ndevu. Wimbo ukifika pale patamu kabisa, Nafer alishika kipaza sauti akakata: "Mohán! Baba wa mto!" Aliyerekodi, amerekodi na jina la mwenyewe ndani. Pikó gani litapiga wimbo unaomtaja adui wake? Kwa hiyo Mjane alibaki kwetu.

Basi tulipofika dukani, Don Wilfrido alinitazama kwanza mimi.

"Eneida. Bado unacheza, au goti limestaafu?"

"Goti lipo. Mchezaji ndiye hayupo."

Akatikisa kichwa, maana Eusebio alimjua vizuri. Halafu akamgeukia Keidys na kuniuliza mimi kama huyu anajua kufua. Keidys akauliza kufua nini.

"Santuri, binti yangu. Hapa tunaanza kwa kufua."

Akaanza kwa kufua kweli, kwa beseni, sabuni laini na brashi ya kunyolea, santuri inashikwa pembeni kama sahani ya moto. Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani amenuna. Mwezi wa pili akaanza kuniambia habari za sindano na za karatasi ya spika, namna inavyochanika na namna inavyobandikwa kwa gundi na kitambaa chembamba. Vidole vyake vikawa na alama za kuungua kwa risasi ya kuchomelea nyaya. Nafer alimwita "mhandisi," na akikosea alimuuliza kama chuoni wanafundisha au wanakula tu. Na yeye akamjibu kwamba wanakula, ila si kama yeye anayekula sahani ya mwenzake. Mimi nilikuwa nikipeleka chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki, ili nipate sababu ya kusimama pale kidogo. Don Wilfrido akiniona anaweka santuri ya zamani, bila kuniambia. Nilikuwa narudi nyumbani na sahani tupu, nikitembea upande wa kivuli, na mwili wangu mwepesi kama wa msichana.

Sasa Mjane alikuwa amechakaa. Miaka yote ile sindano imekula mistari, na mahali pawili wimbo ulikuwa unaruka. Don Wilfrido alijua kuna siku utaruka usirudi. Akamuuliza Keidys kama anaweza kuuingiza kwenye kompyuta ya duka, santuri ipumzike. Keidys akasema anaweza. Don Wilfrido akamwambia jambo moja, na Keidys mwenyewe alinisimulia jioni ile ile akiwa amejaa fahari: Mjane asitoke nje ya mlango ule. Hata mama yako asimsikie mahali pengine.

Akakubali. Na alikubali kwa moyo, hilo nalisema kama mama yake.

Lakini chuoni walimfundisha kwamba sauti nzuri ni sauti safi. Kwa hiyo hakuweka kipaza sauti mbele ya Mohán, na hakumwita Nafer aje aseme lake. Alichomeka waya moja kwa moja kwenye kinanda cha santuri, akachukua wimbo mtupu. Kisha akakaa nao siku baada ya siku, anatoa mchakacho mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Pale palipokuwa panaruka akapaunga. Alipomaliza, hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Don Wilfrido alikuwa amekwenda Cartagena kutafuta kipuri na Nafer alikuwa na homa. Furaha ikamzidi. Akamtumia Yorman, mwenzake wa darasani, aliyekuwa akimsifia kazi zake. Akamwandikia: sikiliza tu, halafu ufute.

Yorman alifuta. Alikuwa kijana wa ahadi, alifuta kweli. Ila kabla ya kufuta alikuwa ameshampelekea binamu yake, na binamu yake ndiye mshika sindano wa El Aguacero, pikó la watu wa ng'ambo ya mfereji.

Ilikuwa Jumamosi, wiki chache kabla ya kanivali, saa ya jua kali. Mimi nilikuwa jikoni nakanda muhogo wa karimanyola, zile sambusa zetu za muhogo, za kuuza. Nikasikia gitaa. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Nikajikuta nimefunga macho, mikono imo ndani ya muhogo, nyonga inakwenda, nacheka peke yangu. Mjane. Nikasema leo Don Wilfrido ameamka vizuri. Halafu nikafungua macho. Sauti haikuwa inatoka upande wa duka. Ilikuwa inatoka ng'ambo ya mfereji, kubwa, safi kuliko nilivyowahi kuisikia, na mtu nisiyemjua akapiga kelele juu yake: "Aguacero! Mvua isiyojua mwavuli!"

Keidys alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

Akanieleza yote kwa pumzi moja. Nikanawa mikono. Nikamwambia vaa viatu, tunakwenda dukani, na utasema mwenyewe kabla hujaulizwa. Akaniambia, Mama, nimebakiza wiki chache tu. Nikamwambia najua. Njia nzima alikuwa ananishika mkono kama alivyonishika siku ya kwanza ya shule, na ule wimbo unatufuata nyuma, wakaupiga tena na tena, maana walijua wanachofanya.

Tulipofika watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanaume wa Mohán, wale waliombeba mgongoni miaka yote. Ndani, Nafer alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, kofia mkononi. Don Wilfrido amesimama nyuma ya meza. Nilielewa mara moja kinachoendelea. Mjane alikuwa anafungiwa kabatini, na funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Don Wilfrido na mmoja wa Nafer, basi. Mtoto wa kufua santuri hakuna aliyemfikiria.

"Nimekuuliza mara moja tu, Nafer," Don Wilfrido alikuwa anasema.

"Na mimi sikujibu. Kwa sababu ukishaniuliza hilo, mimi na wewe tumemalizana."

Nafer akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nje, mmoja akatema mate chini.

Nikamtazama mwanangu. Njiani nilikuwa nimemwambia maneno ya kusema, na pale nikaona yote yamemtoka. Akinyamaza, Nafer ataondoka na aibu, yeye atamaliza wiki zake, atapata cheti, na hakuna atakayejua. Mama yeyote anayesoma hapa anajua nilichokitaka na nilichokiogopa, na kwamba ni kitu kimoja. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikauachia.

"Ni mimi, Don Wili."

"Nyamaza, mhandisi," Nafer akasema bila kumtazama. "Haya ni ya watu wazima." Alidhani mtoto anataka kumkinga.

"Ni mimi. Nilimtumia mwenzangu wa chuo. Nilimwambia afute."

"Alimwambia afute," mmoja wa pale mlangoni akarudia, na wengine wakacheka kicheko kibaya.

Don Wilfrido hakucheka. Akamuuliza kama sauti ya Nafer ilikuwemo. Keidys akasema haikuwemo, aliuchukua kutoka kwenye sindano moja kwa moja, akausafisha.

"Ukausafisha."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Don Wilfrido akaketi. Nilimwona anazeeka pale pale kwenye kiti. Akatazama ufunguo ulio mezani, akausukuma kwa kidole kumrudishia Nafer. Nafer hakuugusa.

"Niombe kwanza," akasema.

Mbele ya watu wote wale, Don Wilfrido, ambaye hata padri humwita Don, akasema: "Nisamehe, ndugu yangu."

"Sikusikia. Masikio yangu yameharibiwa na maspika yako."

"Nisamehe, wewe mzee mwenye kiburi."

"Hapo sasa nimesikia," Nafer akasema, akachukua ufunguo, akavaa kofia. Watu wakacheka, safari hii vizuri, na nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jikoni.

Lakini Keidys alikuwa bado amesimama. Don Wilfrido akamwambia: "Haya. Tusikie hiyo kazi yako."

Akaiwasha kwenye kompyuta. Pikó la ng'ambo lilikuwa limenyamaza, labda wanakula. Tukasikiliza Mjane mtupu, sisi tuliozeeka naye. Gitaa la pili, ambalo miaka yote nilidhani ni moja, lilikuwa linajibizana na la kwanza. Karibu na mwisho mwanamke fulani anacheka, mbali, huko walikorekodi, Mungu ndiye anayejua ni nchi gani. Hatukuwahi kumsikia.

"Kumbe alikuwemo mwanamke," Nafer akasema. "Nimempigia kelele miaka yote hii."

Halafu ikafika pale patamu. Nilimwona Nafer anafungua kinywa, akajizuia, akakifunga. Na mimi, hapo hapo ndipo Eusebio alipokuwa akinigeuza. Alikuwa hageuki na ngoma, aligeuka na sauti ya Nafer; ikisema Mohán, nishazunguka. Nilisimama pale nasubiri mguu uambiwe, na wimbo ukapita laini, ukaenda zake.

Ulipokwisha Don Wilfrido akamwambia Keidys kwamba ni kazi nzuri, nzuri kuliko ambayo yeye angeweza. Hakusema kwa kejeli. Kisha akamwambia aje kesho saa zile zile, na simu aiache kwa mama yake. Na santuri hatashika tena. Atabandika karatasi za spika mpaka siku ya mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi niliichukua simu yake mlangoni kama ninampokonya mwanafunzi pipi, na hakunilalamikia hata siku moja. Siku zake zilipokwisha, Don Wilfrido aliwaambia watu wa chuo kwamba ameweza. Nafer akamwambia aende akale vizuri huko mjini. Leo Keidys yuko redioni, ana mshahara, na mimi simwombei zaidi ya hapo.

Mjane, Don Wilfrido hakumtoa tena. Jumapili iliyofuata watu walimwita, kwa mazoea tu, na yeye akawaambia nendeni ng'ambo, wanaye. Akaweka nyingine. Tulicheza. Lakini mtu aliyekuwa anatoka mitaa ya mbali, atoke kwa ajili ya nini? Jumapili moja wakawa wachache, nyingine wachache zaidi, na sasa Mohán anabebwa barabarani wakati wa kanivali tu, na wabebaji ni watoto wa wale wabebaji, wanalalamika mgongo. El Aguacero nao hawakumfaidi. Kabla ya Pasaka mapikó yote yalikuwa naye, halafu mabasi, halafu kinyozi, halafu nikamsikia analia kwenye simu ya mama mmoja kliniki. Hata jina lake la kweli limejulikana. Dereva wa teksi aliniambia, na nimekataa kulikumbuka.

Juzi jirani alikuwa na redio dirishani, nami nakaanga karimanyola. Likaanza lile gitaa. Keidys, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, akaja akaegemea mlango.

"Mama. Mjane huyo. Huchezi?"

Nikamwambia nina mafuta motoni.

Akabaki pale mpaka wimbo ukaisha na tangazo la sabuni likaanza. Kisha alichukua mwiko mkononi mwangu, akaanza kugeuza zile zilizokuwa zinaungua, mimi nikaketi.

Basi, mama mwenzangu, mtoto akirudi kutoka kazini usimuulize tu kama amekula na kama wanamtendea vizuri. Muulize ni kitu gani pale walimwambia kisitoke. Muulize na kesho, na wiki ijayo, hata kama anakunja uso. Na akikwambia kimetoka kidogo tu, kwa mtu mmoja, na kwamba alimwambia afute, usipige kelele. Nawa mikono, vaa viatu, mwende pamoja.